Shangazi, ninunue pagale la Kivule au nisubiri?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, nina mume na watoto wawili. Tunaishi Tabata, tumepanga kwa 200,000 kwa mwezi. Mume wangu ni dereva wa malori, njia ya Tunduma. Akiondoka harudi kabla ya wiki mbili tatu. Kwa miaka sita nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo: posho za zamu za usiku, kikoba, na vitenge ninavyouza kazini. Sasa nina milioni 24. Mume hajui. Sikumficha kwa ubaya. Mwaka 2019 alimpa mdogo wake milioni 5 za biashara ya mahindi, na hadi leo hatujaona hata punje. Tangu hapo nikajifunza kunyamaza.

Nataka kuanza kuwekeza kwenye nyumba za kupangisha. Kila ninayemuuliza ana lake.

Kuna pagale Kivule. Vyumba vinne, kila kimoja na choo chake ndani, kuta zimefika kwenye linta, paa hakuna. Mwenye nalo alifariki miaka mitatu iliyopita, anayeuza ni mtoto wake mkubwa. Wanataka milioni 20. Dalali anasema nikimaliza, kila chumba kinapanga kwa 90,000 bila kubembeleza mtu. Fundi amenipigia hesabu ya milioni 15 kumaliza kila kitu, na benki inayopitisha mshahara wangu imekubali kunikopesha hizo 15 kwa miaka mitano, riba asilimia 16 kwa mwaka, makato 365,000 kwa mwezi. Karatasi iliyopo ni mkataba wa zamani wa serikali ya mtaa wa huyo marehemu kununua. Sijui kama kiwanja kimepimwa. Mwenyekiti amesema maandikiano atayasimamia mwenyewe. Kuna mama yao mdogo yuko Singida na wanawe, ila wamesema hana shida.

Kaka yangu anataka niachane na pagale, nichukue viwanja viwili Mkuranga kwenye kampuni, nilipe kwa miezi 18, maana ardhi haishuki bei. Mwenzangu wa wodini ananicheka tu; yeye kaweka zake kwenye hati fungani, yaani anaikopesha serikali nayo inamlipa riba, na analala usingizi.

Nianze na nyumba au kiwanja? Mkopo nichukue? Na je, ni sawa nikiandikisha kwa jina la mama yangu mzazi, ili mambo yasimfikie mume? Nijibu mapema Shangazi, dalali ana wateja wengine wawili na anataka milioni 3 za kushikilia kabla ya Jumamosi.

Muuguzi wa Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Hiyo milioni 3 isitoke. Mengine yote tutayazungumza kwa nafasi, lakini hilo shika kabla hujafika aya inayofuata. Wale wateja wawili wa Jumamosi nimekuwa nikiwasikia tangu nilipokodi chumba changu cha kwanza Tandika, na sijawahi kukutana nao.

Sasa tuje kwenye pagale lenyewe. Umeniandikia kuhusu linta, paa na bei ya chumba, ukanipa na makato ya benki hadi senti. Habari nzito kuliko zote umeiweka mwishoni mwa aya, kama mtu anayepita: marehemu ameacha mke mwingine Singida, na watoto. Kwangu mimi barua yako inaanzia hapo.

Mtu akifa, mali yake haiwi ya mtoto mkubwa. Inakuwa mirathi. Anayeweza kuiuza kwa mamlaka ya sheria ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uteuzi wake una karatasi yenye muhuri. Kwa familia nyingi za hali yetu kesi hiyo huanzia mahakama ya mwanzo: ukoo unakaa kikao, wanaandika muhtasari, wanampendekeza mtu, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha inamteua. Huyo kijana kama ameteuliwa, akuonyeshe barua. Kama hajateuliwa, anakuuzia kitu ambacho hana. Hata akiwa nayo, mimi ningetaka kuuona muhtasari wa kikao cha ukoo na kusoma kama jina la mama wa Singida limo, na kama wanawe wamo. Kisha ningempigia simu mwenyewe. "Wamesema hana shida" ni maneno ya wenye shida ya hela. Yeye hujamsikia.

Unaweza kuniambia, Shangazi, Singida ni mbali, atajuaje? Atajua. Sheria yetu inampa mdai wa ardhi miaka 12 ya kufungua shauri. Mtoto wa Singida aliye darasa la tano leo atakuwa amemaliza chuo, wewe umeshaweka vigae na geti, ndipo abishe hodi akiwa na wakili. Hapo mtaanza na usuluhishi kwenye baraza la kata, muende baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na ukitoka huko kodi ya vyumba vinne imeisha kwenye nauli na mawakili.

Mwenyekiti wa mtaa simdharau. Anawajua watu wake, anajua nani alinunua kwa nani mwaka gani, na ushahidi wake una thamani. Lakini muhuri wake hauteui msimamizi wa mirathi na wala haukuambii ramani ya mji inasemaje juu ya kiwanja hicho. Akitaja asilimia kumi ya bei, mwombe kwa adabu risiti ya serikali, uone kama atairudia. Maandikiano yafanyike mbele ya wakili. Jina la wakili litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uhakikishe yumo na leseni yake iko hai, kwa sababu mihuri ya uongo mjini inachongwa kwa bei ya chipsi.

Na ramani ni jambo la peke yake. Nenda Jiji, idara ya ardhi, na namba za GPS za hapo mahali (kijana yeyote mwenye simu atakuchukulia), uulize: eneo hili limepangwa kuwa nini? Linaweza kuwa makazi. Linaweza pia kuwa shule, au eneo la wazi, au barabara ambayo haijachongwa. Kimara ulikuwepo au ulisikia, 2017, nyumba zilivyolala chini kando ya Barabara ya Morogoro hadi Kiluvya. Hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa mita 121 kila upande. Waliobomolewa wengine walikuwa na umeme na maji ya kulipia kila mwezi, na walidhani bili ni ushahidi. Pima vilevile umbali kutoka mto au korongo la maji: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, ziwa au bahari. Na usiende kuangalia Kivule mchana wa jua na dalali. Nenda masika, jioni, na bodaboda, peke yako. Uliza jirani maji yanafika wapi. Uliza muuza genge, ambaye hana cha kupata, pagale hili ni la nani. Utashangaa majina mangapi yatatajwa.

Tuseme sasa karatasi zote ziko sawa. Je, biashara yenyewe inalipa? Hapa dalali, fundi na benki wote watatu wamekupa namba, na kila mmoja amekupa inayomfaa.

Vyumba vinne kwa 90,000 ni 360,000 kwa mwezi. Makato ya mkopo ni 365,000. Yaani vyumba vyote vikijaa, kila mpangaji akilipa, bomba lisipasuke, bado unaongeza 5,000 kutoka mfukoni kila mwezi kwa miaka mitano. Ukumbuke pia wapangaji wetu hulipa miezi sita kwa mkupuo, au mitatu, ilhali benki inakata kila tarehe ya mshahara. Mwezi wa mtu kuhama, mshahara wa muuguzi ndio utamlipia mpangaji asiyekuwepo. Na kama uko serikalini unajua ile sheria ya kubakiza theluthi ya mshahara. Ukishaijaza kwa mkopo huu, mtoto akiugua huna pa kukopa tena ila kwa wale wa riba za mtaani.

Tuache mkopo, tuseme hela zote ni zako. Pagale 20, fundi 15. Hesabu ya fundi iongezee robo, siku zote. Si kwamba anakudanganya, ila shimo la choo, nyaya, nondo zilizosahaulika na saruji iliyopanda vitakuja tu. Umefika milioni 39 hivi. Kodi ya mwaka ni 4,320,000. Toa mwezi mmoja wa kila chumba kukaa kitupu, toa kodi ya serikali ya asilimia 10 ya pango, toa gari la majitaka, kitasa na rangi. Unabakiwa na 3,260,000 au karibu na hapo. Gawa kwa 39: asilimia nane na ushei kwa mwaka. Mwenzako wa wodini anayekucheka ana sababu. Hati fungani za serikali za miaka 20 kwa miaka ya karibuni zimecheza kwenye asilimia 12 hadi 15, mtu anaanza na milioni moja tu, na hati fungani haizibi choo.

Sikwambii uache nyumba. Kiwanja chini ya nyumba kinaweza kupanda thamani na hati fungani haipandi hivyo. Nakwambia kwamba kwa milioni 20, pagale hili ni ghali. Kuta zimenyeshewa miaka mitatu bila paa. Mtafute fundi mwingine, ambaye hatapewa kazi, umlipe elfu hamsini akague msingi na tofali za juu. Kisha urudi na bei yako. Mimi ningesema milioni 15. Kwa 15 unabakiwa na 9, na 9 zinaweza kupaua bati la kawaida na kumaliza vyumba viwili kama hukimbilii vigae na dari ya jipsamu. Viwili hivyo vinakuletea 180,000 kwa mwezi, na hivyo ndivyo vitakavyomalizia viwili vilivyobaki. Itachukua muda. Wewe umeweka akiba miaka sita, subira unayo. Wakikataa 15, waache na pagale lao, mvua itawabembeleza kwa niaba yako.

Kuna hesabu nyingine hujaigusa kabisa. Kwa mwaka mnalipa milioni 2.4 Tabata. Mkihamia wenyewe kwenye vyumba viwili vya Kivule na kupangisha viwili, hela hiyo inabaki nyumbani na hakuna wa kuikata kodi. Kwa mtu anayeanza, hakuna mpangaji bora kuliko mwenyewe. Najua zamu zako za usiku, na najua daladala za Kivule saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo sikusukumi. Pima tu.

Kwa kaka yako nitakuwa mfupi. Eti ardhi haishuki bei. Mwaka 2007 nilinunua kiwanja Kigamboni, nikamwaga msingi. 2008 ukatangazwa mpango wa mji mpya, tukaambiwa tusiendeleze. Miaka ikapita, msingi wangu ukaota nyasi, nikawa na ada za shule, nikauza kwa bei ya kutupa. Daraja likafunguliwa Aprili 2016, na aliyenunua kwangu sasa ana ghorofa. Wapo walionunua Bagamoyo kwa habari za bandari iliyotiwa saini 2013, mradi ukasimama 2019, na viwanja vyao vinalisha mbuzi wa watu. Bei yenyewe ilikuwa ikipanda na kushuka kwenye simulizi, na anayehitaji hela katikati ya simulizi ndiye anayeumia. Wewe kwenye hizo milioni 24 kuna ada za shule ndani yake au hakuna? Kama zimo, usifunge zote kwenye ardhi isiyozaa.

Na kampuni ya Mkuranga waulize maswali matatu kabla ya kutoa shilingi. Ramani ya upimaji imeidhinishwa, na namba yake ni ngapi, ili uende ukaithibitishe mwenyewe ofisi ya ardhi ya wilaya? Hati itatoka kwa jina la nani na lini, na imeandikwa kwenye mkataba au imesemwa kwa mdomo? Nikishindwa awamu ya kumi, zile tisa zinakwenda wapi? Na wakikutangazia umbali wa "dakika 20 kutoka barabara kuu", nenda ukaupime mwenyewe. Wao huwa wanaupima kwa bodaboda, tena usiku, barabara ikiwa tupu.

Umeniuliza kuhusu jina la mama.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke aliyeolewa haki ileile aliyonayo mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza kwa jina lake. Ndoa haihamishi mali yako kwenda kwa mume. Ukinunua kwa hela yako na kuandika jina lako, sheria inaanza kwa kudhani ni yako. Kwa hiyo kinga unayoitafuta kwa mama tayari unayo kwenye jina lako mwenyewe. Mkiachana, Mungu aepushe, mahakama itaangalia nani alichangia nini, na tangu ile hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Mgawanyo huo haukwepeki kwa jina la mtu mwingine, jina hilo litaongeza ugomvi tu.

Lakini fikiria jina la mama litafanya nini. Una ndugu wangapi? Mama akifariki, nyumba ile kwenye karatasi ni ya kwake, na ni mirathi. Kaka yako wa Mkuranga ataitwa kwenye kikao. Dada zako pia, na watoto wa marehemu ndugu yenu kama yupo. Utasimama mbele ya ukoo kusema "hii ilikuwa yangu, niliweka tu jina", na hutakuwa na hata karatasi moja. Miaka michache baadaye, mmoja wenu atakuwa anauza pagale Kivule, na muuguzi fulani ataambiwa kwamba yule mwingine hana shida.

Kuhusu mume, sitakusomea somo. Milioni 5 za mahindi nami zingeninyamazisha. Ila angalia siri hii inavyokubana. Huwezi kuhamia Kivule bila yeye kujua. Huwezi kumtuma akasimamie mafundi, wakati mwanamume wa nyumba akionekana kwenye eneo la ujenzi mifuko ya saruji huacha kupotea (si haki, lakini ndivyo mafundi wetu walivyo). Mkopo wa miaka mitano ataugundua mwezi wa kwanza, kwenye chakula. Na mkishaishi humo, itakuwa nyumba ya ndoa: wewe mwenyewe hutaweza kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yake, hata kama jina kwenye karatasi ni lako peke yako. Ungeweza kumweleza na bado usimpe funguo. Mwambie kiasi, mwambie ni cha nyumba na kimeandikwa jina lako, na kwamba mdogo wake hataingia humo. Au anza na nusu ya habari ukitaka. Wewe ndiye unayemjua.

Kodi za mauziano nisizisahau. Muuzaji anapaswa kulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata kwa kuuza, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1. Wauzaji wengi huuachia mzigo wote mnunuzi, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani analipa nini. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na ukifunga mita nne kwa wapangaji wanne angalia isikatwe mara nne kwa jengo moja.

Kwa wiki hii fanya hivi. Akiba iache ilipo. Ukiona mambo ya Kivule yatachukua miezi, na mirathi huchukua miezi, kaongee na mwenzako wa wodini akuonyeshe anavyonunua hati zake kwenye minada ya Benki Kuu, lakini usiingize hela ambayo utaihitaji kabla ya mwaka kuisha. Mwombe huyo mtoto mkubwa nakala ya barua ya usimamizi na namba ya simu ya mama yake mdogo. Dalali akipiga Jumamosi, mwambie unasubiri vitu hivyo viwili.

Na mama wa Singida ukimpata, usianze na bei. Mpe pole ya msiba kwanza. Kisha niandikie alichosema.

Shangazi